Giaboksi Iliyokunywa Maji

Uwanda wa Makonde hunyeshewa mvua kila mwaka, tangu Desemba hata Aprili, na mvua hiyo si haba. Lakini mchanga mwekundu wa nchi hii huyanywa maji yote mara yaangukapo, ukayashusha chini sana, mahali ambapo jembe wala kisima cha mkono hakifiki, hata yakaja kutokea tena mabondeni, chini ya miteremko. Kwa sababu hiyo mtu asimamaye Newala, ukingoni pale pa Shimo la Mungu, aweza kuuona mto Ruvuma ukimetameta kwa mbali huku nyumbani kwake mtungi u mtupu. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akichunguza mila za watu wa kusini, aliandika habari aliyosimuliwa na Wamakonde, ya kuwa wahenga wao waliwausia wasikae mabondeni karibu na maji, kwani huko kuna maradhi na mauti, bali wakae juu penye afya. Wausiwa walitii, na thamani ya utii huo walilipa wanawake, waliokuwa wakishuka na kupanda mteremko na maji kichwani, kizazi baada ya kizazi.

Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule ilianzisha mradi wa kuyapandisha maji hayo kwa mashine, ukaitwa mradi wa maji wa Makonde; na katika miaka ya 1970 msaada wa Ufini uliingia katika kazi za maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema ni katika vyanzo vinavyojulikana mpaka leo kwa watu wa Newala na Tandahimba. Kutoka bondeni maji husukumwa mamia ya mita kwenda juu, kisha yakagawiwa kwa mabomba. Na kwa miaka mingi nguvu ya kusukuma ilikuwa ya dizeli. Siku hizi umeme umeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini dizeli haikuondoka katika nchi: ipo katika mashine za kusaga za vijijini, katika jenereta za hospitali na misheni, katika visima ambavyo nguzo za umeme hazijavifikia, na katika boti na vivuko vya pwani ya Mtwara, ambako vijana wengi wa Masasi na Newala hushuka kutafuta riziki.

Muradi wa makala haya ni sehemu moja tu ya mitambo hiyo, ambayo aghalabu husahauliwa mpaka siku ya msiba wake: giaboksi, pamoja na mabomba madogo na fitingi ziletazo maji ya kuipoza. Injini ina sauti, moshi na kipimo cha joto; ikiugua hujitangaza. Giaboksi hukaa nyuma yake kimya, imefunikwa chuma, na mtu aweza kuipita kila siku mwaka mzima asiiangalie hata mara moja. Nami naamini, kwa niliyoyaona na niliyoyasikia kwa mafundi, kwamba nyingi katika giaboksi zinazotupwa hazikufa kwa uzee wala kwa kazi nzito. Zimekufa kwa mpira uliochakaa, kwa klipu iliyolegea, au kwa fitingi ya shaba ya manjano isiyozidi urefu wa kidole.

Yafaa kwanza ifahamike giaboksi inafanya nini. Injini ya dizeli ya boti ndogo aghalabu huzunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, na pangaboi lililo chini ya maji likizungushwa kwa mwendo huo huchafua maji tu bila ya kusukuma chombo. Giaboksi huupunguza mwendo huo, pengine mizunguko miwili ya injini kwa mmoja wa pangaboi, pengine mitatu kwa mmoja. Na kadiri mwendo upunguavyo ndivyo nguvu ya kusokota izidivyo. Kazi yake ya pili ni kumpa nahodha kwenda mbele, kurudi nyuma na kusimama huku injini ikiwaka, kwa njia ya klachi zilizo ndani. Kwenye kisima kirefu iko giaboksi ya namna nyingine: injini imelala juu ya ardhi na shafti yake ni ya ubavuni, lakini shafti ya pampu husimama wima kushuka kisimani, hapo meno yaliyochongwa kwa mshazari hupokea mzunguko wa ubavu na kuugeuza kuwa mzunguko wa wima. Nyingi za giaboksi hizo zina kizuizi kisichoruhusu shafti kuzunguka kinyume, maana injini ikizimwa, maji yaliyojaa bombani huanguka kwa kishindo kurudi kisimani, na yangeizungusha pampu nyumanyuma hata kufungua viungo vya shafti yake.

Katika zote hizo, meno hayakutani na meno makavu. Kati yao hupita utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio uhai wa mashine. Msuguano huleta joto. Joto huilainisha oili. Oili ikilainika mno utando hukatika, chuma kikaguswa na chuma, na msuguano ukazidi kuliko kwanza. Giaboksi nyingi za boti hupenda oili yake iwe baina ya nyuzi 50 na 80 za joto, na mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi kumi zinapozidi juu ya kawaida, umri wa oili hukatika nusu. Sili za mpira nazo hukauka zikawa ngumu mfano wa ngozi ya ngoma, zikaanza kuvujisha. Basi mwundaji huweka kipoza oili: ama gamba lenye vijibomba vyembamba, maji yakipita ndani ya vijibomba na oili nje yake, ama bomba lililojiviringa ndani ya oili yenyewe.

Katika giaboksi nyingi za visima virefu, maji ya kupozea huchotwa katika maji yale yale yanayopandishwa na pampu. Kijibomba chembamba hutoka kwenye bomba kubwa, kikapita katika oili, kikarudi. Uwanda wa juu unapopewa maji, tone dogo katika maji hayo limekwisha kulipa ushuru wake njiani kwa kuipoza mashine iliyoyapandisha. Vali ya kijibomba hicho ikifungwa na mtu aliyekuwa akisafisha, akasahau kuifungua, au mchanga ukikaa kwenye kona yake, pampu huendelea kufanya kazi vizuri sana kwa muda, maji yakipanda na watu wakishukuru, huku oili ikiungua polepole. Harufu ndiyo hutangulia kutoa habari. Baadaye husikika mlio mwembamba, na mlio huo ukisikika uharibifu umekwisha kuingia kwenye beringi. Mlinzi wa pampu hahitaji chombo chochote kuutambua ugonjwa huu mapema: aweke kiganja juu ya kijibomba kinachoingia, kisha juu ya kinachotoka. Kinachoingia kiwe baridi, kinachotoka kiwe vuguvugu. Vyote viwili vikiwa na joto moja, na giaboksi inaunguza mkono, maji hayapiti.

Baharini mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa maji ya kupozea yana chumvi. Kutoka Masasi hata Mtwara ni takriban kilomita 200, na mtu ashukapo akafika Mikindani au ufukwe wa Msangamkuu, atakuta boti za uvuvi zenye injini ndani, na kivuko kinachovusha watu kwenda na kurudi. Na kwenye maji ya Ruvuma, huko Kilambo, kivuko kimekuwa kiungo baina yetu na ndugu zetu wa Msumbiji. Vyombo hivi huyavuta maji ya kupozea kwa pampu yenye impela ya mpira, nayo ina mabawa yanayojikunja na kujikunjua kila mzunguko. Impela hiyo ikizungushwa kavu kwa muda mfupi tu huungua, ikakatika mabawa. Fundi mzembe hubadilisha impela akadhani kazi imekwisha. Fundi mwenye hadhari huhesabu vipande vya mabawa yaliyokatika, na kikikosekana kimoja hukifuata bombani mpaka akipate, maana kipande hicho kimekwenda kukaa kwenye mdomo wa kipoza oili, kikiziba njia ya maji kwa nusu, na giaboksi itaugua mwezi ujao bila ya mtu kujua sababu.

Fitingi zastahili maneno yao peke yake. Zile za shaba ya manjano, ambazo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hupatikana katika kila duka la vifaa vya bomba, na kwa maji baridi ya nyumbani hazina ubaya. Zikitiwa maji ya chumvi, chumvi huinyonya zinki ikaiacha shaba peke yake, yenye matundu yasiyoonekana kwa jicho. Kwa nje fitingi imesimama kama ilivyokuwa siku iliponunuliwa, ila rangi imegeuka kutoka manjano kuwa wekundu wa kupauka. Nawe ukiigonga kidogo kwa spana, au chombo kikipigwa na wimbi, huvunjika. Fitingi ya chombo cha bahari yapasa iwe ya shaba nyeusi iliyochanganywa na bati, au ya madini mengine yaliyokusudiwa kwa bahari; bei yake ni kubwa, nayo haifanani hata kidogo na bei ya giaboksi. Kadhalika fundi asikutanishe ovyo chuma cha pua, shaba na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi, kwani madini mawili yaliyogusana majini huzaa umeme mdogo, na lililo dhaifu kati yao huliwa. Ndiyo maana vipoza vingi hutiwa kipande cha zinki, ambacho huwekwa makusudi kiliwe badala ya vilivyo vya thamani. Kipande hicho kikisaliwa na nusu yake kibadilishwe. Kuna watu wanaokifungua, wakakiona kimekwisha, wakaziba tundu kwa skrubu ya kawaida na kuona wameokoa fedha. Tangu siku hiyo bahari hula kipoza chenyewe.

Ufungaji nao una adabu yake. Nyuzi za fitingi nyingi za bomba zimechongwa kwa kupungua upana, hivyo kila izungushwapo hukaza zaidi, na mwenye mkono mzito asiyejua kusimama hulipasua gamba la kipoza. Utepe mweupe wa mafundi bomba ukizungushwa mpaka ukapita mwisho wa nyuzi, vipande vyake hukatika vikaelea hadi kwenye vijibomba vyembamba, vikakaa humo. Uachwe mzunguko wa kwanza wa nyuzi bila utepe. Mipira ya maji, kwa upande wake, isihukumiwe kwa sura: ibonyezwe kwa vidole, na iliyokuwa ngumu, au laini kuliko kawaida, au yenye nyufa karibu na klipu, ing'olewe ingawa haijavuja.

Sasa nije kwenye maradhi yaliyonifanya niandike. Vijibomba vya kipoza vikitoboka, oili na maji hukutana. Injini ikiwaka, oili ina mgandamizo mkubwa kuliko maji, hivyo ni oili inayotoroka kwenda baharini, na nahodha huona tu utando wa rangi za upinde wa mvua nyuma ya chombo, au kiwango cha oili kikishuka bila ya kuona tone chini. Chombo kikifunga nanga, mgandamizo wa oili hutoweka, na kipoza kikiwa chini ya usawa wa bahari ni zamu ya maji kuingia taratibu usiku kucha. Asubuhi kijiti cha kupimia kikichomolewa, oili iliyokuwa nyekundu au ya rangi ya asali imekuwa nyeupe na nzito kama chai ya maziwa iliyopoa. Hapo mafundi husema giaboksi imekunywa maji.

Iliyokunywa maji isiwashwe kwa kujaribu, wala isisubiri kesho. Chumvi iliyoguswa na chuma kilichong'arishwa huanza kazi yake saa hiyo hiyo, na beringi iliyoota kutu, hata ikisafishwa ikang'aa, imekwisha kuchimbika. Kwanza kipoza kifunguliwe kikapimwe: mdomo mmoja wa njia ya maji uzibwe, wa pili utiwe upepo wa kadiri, nacho kizamishwe ndani ya ndoo ya maji, na mapovu yatokayo upande wa oili yatatoa ushahidi. Kisha oili mbovu imwagwe yote, itiwe oili rahisi ya kusafishia, injini izungushwe taratibu kwa dakika chache bila mzigo, imwagwe tena. Na kazi hiyo irudiwe mpaka oili itoke safi, ndipo itiwe ile iliyoamriwa na mwundaji. Neno hilo la kuamriwa lisipuuzwe. Ziko giaboksi zinazotumia oili ya injini, na ziko zinazotumia oili nyekundu ile itumiwayo katika magari yasiyo na klachi ya mguu. Kuzichanganya ni kuziharibu klachi, ambazo huteleza au hushika kwa kishindo. Hata kupima kwenyewe kuna sharti: baadhi ya giaboksi hupimwa injini ikiwa imezimwa, nyingine injini ikiwaka na gia ikiwa huru, na mwenye kupima kinyume hujaza mno au hupunja. Kitabu kilichokuja na mashine ndicho kiamuzi, na kitunzwe mahali pakavu penye kufuli.

Wenye majahazi yaliyotiwa injini wana hatari moja ambayo mabaharia wa zamani hawakuijua. Upepo ukiwa mzuri nahodha hutweka tanga akazima injini ili aokoe dizeli, nalo ni jambo la busara. Lakini chombo kikienda kwa tanga, maji hulizungusha pangaboi, pangaboi likazungusha shafti, na shafti ikazungusha sehemu ya giaboksi wakati pampu ya oili imelala. Ziko giaboksi zinazovumilia hayo na ziko zisizovumilia hata safari moja ndefu, na kwa hizi za pili shafti hufungwa isizunguke, au gia huwekwa mahali kitabu kinapoagiza. Na kabla sijaiacha shafti, niseme kwamba kulingana kwake na giaboksi hupimwa chombo kikiwa kinaelea. Kikiwa juu ya magogo ufukoni mbao hujipinda kwa namna nyingine, na kipimo kilichokuwa sahihi nchi kavu huwa cha uongo majini.

Turudi bara. Katika vijiji vya Masasi, ambako mlima wa mawe wa Mtandi unatazama kanisa kuu na barabara iendayo Tunduru, mashine ya kusaga haina giaboksi: ina mkanda na gurudumu. Lakini elimu ya kupoza ni ile ile, na imewekwa mbele ya macho ya kila mwanamke aletaye mahindi au mtama. Pembeni ya injini pana pipa la maji lenye mabomba mawili, moja juu na moja chini. Hakuna pampu. Maji yaliyopata joto ndani ya injini huwa mepesi yakapanda, yakaingia pipani kwa bomba la juu. Yaliyopoa huzama yakarudi kwa bomba la chini. Na mzunguko huo huendelea wenyewe muda wote injini iwakapo. Una sharti moja. Usawa wa maji pipani uwe juu ya mdomo wa bomba la juu. Ukishuka chini ya mdomo huo hata kwa vidole viwili, mzunguko husimama pale pale, na mwenye mashine akichungulia huona pipa lina maji mengi akaridhika, huku injini inachemka. Naye akigundua kwa moshi au mlio, na kwa taharuki akamwaga ndoo ya maji baridi, kichwa cha injini hupasuka. Azime, asubiri ipoe, kisha ajaze.

Mahali ambapo maji ni ya shida, kishawishi cha kuliacha pipa lipungue ni kikubwa, na naona huruma kumlaumu mtu anayelinganisha ndoo ya mashine na ndoo ya watoto. Njia ya insafu ni kulifunika pipa ili mvuke usipotee, na kuweka ndani yake maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati lililoezeka kibanda, ambayo hayana chokaa. Maana maji ya baadhi ya visima huacha gome jeupe ndani ya njia za injini, na gome hilo huzuia joto lisitoke.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya mataifa yenye viwanda, na kwamba mashine ikiletwa kwetu haina budi kufa mapema. Shahidi wa kuwakanusha anaelea Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani, walipoona Ziwa Tanganyika linawaponyoka, waliizamisha meli yao Graf von Götzen. Lakini kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwa uangalifu. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba ikitumia mitambo yake ile ile ya mvuke, na haikutiwa dizeli mpaka miaka ya 1970. Watu waliokuwa wakishindwa vita walipata nafasi ya kupaka grisi. Nasi tulio katika amani tunapata nafasi ya kufuta fitingi kwa kitambaa na kuitazama.

Ugumu wa kwetu ni vipuri, na huo siukani. Sili au impela ikikosekana Mtwara huagizwa Dar es Salaam, na siku za kungoja zinahesabiwa kwa ndoo kichwani au kwa samaki wasiovuliwa. Kwa hiyo kamati ya maji au mwenye boti afanye manunuzi yake wakati fedha ipo, na kusini fedha hupatikana msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Sanduku la bati lenye kufuli latosha: impela moja na gasketi zake, mipira iliyokatwa kwa vipimo na klipu zake, zinki mbili, sili za shafti, fitingi za kipoza kwa ukubwa wake halisi, na oili ya kubadilisha mara moja kamili, ikiwa katika chombo chake cha asili chenye jina lililo wazi. Pamoja na sanduku hilo liwepo daftari, na ndani yake mlinzi aandike kila siku saa za kazi, kiwango cha oili na rangi yake, na joto la mabomba mawili kwa kiganja. Oili hupungua kidogo kidogo, na macho ya mtu husahau. Aliyesoma daftari la wiki tatu huona kwamba kiwango kinashuka, akafungua kipoza siku ya kupumzika kwa mashine, akaikuta fitingi imechakaa, akaibadilisha kwa ile iliyomo sandukuni, na jioni hiyo hiyo maji yakapanda Newala kama kawaida.